Nguzo Iliyovunjika Shingo

Mjini Kasulu, ukitaka nguzo za zege za kupamba baraza, utaelekezwa kwa Nduwayezu. Alifundishwa na Séverin, mwashi Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyekipa kila kipande jina la mwilini: chini kitako, katikati kiwiliwili chenye mifereji, kisha shingo, halafu kichwa kilichochongwa majani. Juu ya vichwa hulala boriti, na boriti ndiyo hubeba pembetatu ya paa. Nduwayezu aliongeza lake moja: nguzo zake aliziita vijana.

Mwaka jana kigango kimoja cha Busunzu kiliagiza nguzo mbili za mbele ya kanisa. Zikapakiwa kwenye Fuso. Kwenye kona mbovu gari likaruka, na nyuma kukasikika "kaa!" Nduwayezu alishuka, akatazama, akajishika kiuno. Alimpigia Bazilio, katekista wa kigango hicho, lakini simu haikupokelewa, hivyo akamwandikia:

"Kijana mmoja amevunjika shingo njiani. Kichwa nimekitia kwenye gunia. Mwenzake mzima. Tunakuja naye hivyo hivyo."

Kisha simu yake ikaishiwa chaji.

Walipofika alasiri, uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu. Wanawake wamejifunga khanga viunoni, maharage yanatokota, na wanaume wawili wamo shimoni mpaka kifuani.

"Kuna msiba?" Nduwayezu aliuliza kwa upole, akivua kofia.

Bazilio akamkumbatia. "Pole sana, fundi. Wazazi wake umewaarifu?"

"Wazazi wa nani?"

"Wa kijana."

Hapo Nduwayezu akakumbuka ujumbe wake. Alitamani wageuze gari, lakini dereva alikuwa ameshapokea sahani ya maharage. Ikabidi afungue gunia. Bibi Rosa, aliyelia tangu adhuhuri mpaka sauti ikamkauka, akachungulia.

"Mbona kabichi?"

"Ni kichwa cha nguzo, bibi. Hayo ni majani ya urembo."

"Yaani nimelilia zege?"

Mchimba kaburi mmoja akaangua kicheko mle shimoni, akakosa nguvu za kutoka. Bazilio hakucheka, alikuwa ameshawaita waombolezaji mpaka wa Kakonko, nao walikuwa njiani.

Nduwayezu alikaa Busunzu siku nne, akaiunga shingo kwa nondo na saruji. Kovu linaonekana, lakini boriti imetulia. Siku hizi kila ujumbe wake kwa mteja huanza na maneno "Hakuna aliyekufa", na wateja wapya hushtuka hapo hapo.