Meza ya Goziba iliyoinama ilivyonikosesha kuwa mchezaji wa snooker wa kulipwa

Wakuu, habari za mchana.

Juzi mdau mmoja humu aliuliza kwa nini Kagera hatujawahi kutoa mchezaji wa snooker wa kulipwa. Uzi ukaishia kwenye utani wa Wahaya na majivuno yao, kama kawaida. Nilicheka, lakini tangu hapo sijatulia, maana nusu ya jibu ninalo mimi.

Haya yamenipata mwenyewe. Majina nimebadilisha, meza sijabadilisha.

Nimezaliwa Kitendaguro, Bukoba. Taata, yaani baba yangu, ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Ana kibanja cha migomba na kahawa, na mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Wenye asili ya huku mnaelewa nilitegemewa niwe wapi.

Shida ni kwamba sijui kutulia. Shuleni mwalimu alikuwa ananituma chaki hata kama chaki zipo, ili darasa lipumue kidogo. Nikaajiriwa dukani mtaa wa Bakoba, palepale mjini, nikawa nasimama nje ya duka kuliko ndani.

Halafu nikakutana na pool, kwenye baa jirani na duka. Wakuu, ule mchezo hauna kukaa. Unaizunguka meza, unainama, unapiga, unazunguka tena. Nikasema huu ndio wangu.

Siku moja taata akaja kunitafuta pale Bakoba. Akasimama mlangoni na mwavuli wake akinitazama ninavyozunguka. Mwisho akaniuliza kwa Kihaya, mbele ya watu wote, "Mwana wange, umeangusha nini hapo?"

Watu walicheka mpaka mchezo ukasimama. Toka siku hiyo kila nikirudi nyumbani swali lilikuwa moja tu, "Umekipata?" Alikuwa anatania, ila lilikuwa linaniuma.

Aliyenitoa kwenye pool akanipeleka kwenye snooker anaitwa Swaleh, fundi friji. Ni Muislamu wa pale mjini, babu yake alihamia kutoka pwani. Kuna klabu moja ya zamani ina meza ya snooker, na yeye ndiye aliyekuwa anaitunza. Kwa wasioijua, ile meza ni kubwa hasa, na pale klabu ilikuwa imenyooka vizuri. Ukiweka mpira mahali, unaukuta hapohapo.

Mchezo wenyewe nilijifunza haraka. Kilichonishinda ni kiti.

Kwenye snooker mwenzako akiwa mezani wewe unakaa. Akiingiza mipira mfululizo unaweza kukaa hadi usahau umekuja kufanya nini. Huruhusiwi kuzungumza wala kuzungukazunguka, unatazama tu anavyokumaliza. Mimi mguu ulikuwa unacheza wenyewe, nanyanyuka, naenda dirishani, narudi.

Swaleh aliniambia, "Kaka, mkono unao. Makalio ndiyo huna."

Basi ikaja habari kwamba kuna watu wa klabu kutoka Dar wanakuja Bukoba kuchagua mchezaji mmoja. Huyo wangemchukua akaishi huko, afanye mazoezi kila siku, aingizwe kwenye mashindano ya kulipwa. Yaani kazi yake iwe snooker, basi.

Sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilikuwa naamka nawaza ile nafasi, nakula nawaza. Na sitawaficha, nilitaka siku moja taata akiuliza "Umekipata?" nimjibu ndiyo.

Hapa ndipo nilipoharibu.

Zamani kidogo niliwahi kusimamia meza ya pool kisiwani Goziba. Ni kisiwa cha Muleba, kambi ya wavuvi kutoka kila pembe ya nchi, na hufiki bila boti. Ile meza iko chini ya mabati, kwenye mteremko, na imeinama upande wa ziwa. Mwenye meza aliweka mawe chini ya miguu, mawe yakazama. Akaweka mbao, mbao zikaozea hapo. Mwishowe watu wakaizoea ilivyo.

Kule huwezi kulenga tundu moja kwa moja. Unalenga juu kidogo, upande wa mlimani, halafu mpira unajipinda wenyewe kurudi chini. Wanaita kulipa ziwa chake, yaani kuliachia ziwa sehemu yake. Ukitaka kupiga, watu nyuma yako wanakukumbusha, "Lipe ziwa chake." Mgeni akija na ufundi wake wa mjini anapigwa hadi anatafuta boti ya kurudia.

Kwa hiyo Goziba wote wanaamini kitu kimoja, kwamba anayeiweza ile meza anaweza meza yoyote duniani. Na mimi niliamini. Nikajiambia mkimbiaji si hufanya mazoezi mlimani ili akifika tambarare apae? Nikaenda kujiandaa Goziba.

Swaleh alinikatalia kabisa. "Baki hapa, zoea meza iliyonyooka. Huko unaenda kukimbia kiti."

Najua mnachotaka kuandika kwenye comments. Subirini kwanza nimalize.

Kisiwani nilikuwa mfalme. Asubuhi wavuvi wakishaanika dagaa wanakuja mezani, nawapiga mmoja mmoja. Aliyekuwa ananishangilia kuliko wote ni Masanja, mvuvi wa Kisukuma, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alikuwa ananiita Profeshono. Aliapa kwamba siku ya mchujo atavuka ziwa kuja kuniona.

Nilirudi Bukoba mchujo ukiwa umekaribia sana. Nilipogusa tu ile meza ya klabu nikajua kuna kitu. Kila mpira wa taratibu ulikuwa unakosa tundu upande uleule. Nikawa najikumbusha kila nikiinama, hii imenyooka, hii imenyooka. Nikijikumbusha, mpira unaingia. Nikisahau, unapita pembeni.

Siku yenyewe ukumbi wa klabu ulijaa. Masanja alikuwepo na wenzake, wametoka kwenye boti moja kwa moja, wananukia dagaa, watu wa klabu wakawa wanasogeza viti pembeni. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, nikaona koti. Taata. Sikumwalika, na sijui nani alimwambia.

Kwa kujikumbusha vile nilifika fainali. Niliyekutana naye ni Mwalimu Edga, anafundisha sekondari Muleba. Wakuu, yule bwana anajua kukaa. Mikono juu ya magoti, macho mezani, utadhani yuko ibadani. Mimi kwenye kiti changu nilikuwa nafungua kamba za viatu na kuzifunga. Nilinyanyuka kwenda dirishani, refa akanirudisha. Nikanywa maji hadi tumbo likawa linapiga kelele.

Tulishinda mara moja kila mmoja. Mchezo wa mwisho ukabana mpaka ukabaki mpira mweusi peke yake mezani. Anayeuingiza anaenda Dar.

Edga akakosa. Mpira mweusi ukaja kukaa mahali pazuri, karibu na tundu la kona. Ulikuwa unataka kuguswa tu, taratibu. Pool ya Bakoba ule mpira nilikuwa naingiza huku naongea na mtu.

Nikamtazama Swaleh. Akafumba macho polepole akayafumbua, maana yake tulia. Nikainama. Nikajiambia, imenyooka. Ukumbi ulikuwa kimya hadi nasikia pumzi yangu kwenye fimbo.

Na nyuma yangu, kwa ile sauti yake ndogo, kwa upendo wake wote, Masanja akasema, "Lipe ziwa chake, kaka."

Mkono ulisikia kabla yangu mimi. Nililenga nje kidogo, kama kule, na mpira mweusi ukaenda vilevile nilivyoutuma. Hakuna kilichoupinda. Ukagonga mdomo wa tundu, ukarudi kidogo, ukasimama.

Edga hakuharakisha. Alinyanyuka, akapaka chaki, akauingiza. Kisha akaja kunipa mkono akasema, "Pole sana, ndugu yangu," na alimaanisha. Yuko Dar mpaka leo, anaishi kwa ule mchezo. Siku nyingine namfurahia kweli, siku nyingine nazima simu.

Masanja alinifuata nje analia. "Kaka, si nilikukumbusha?"

Nikamwambia ndiyo, ulinikumbusha, asante. Kama uko humu, Masanja, na umesoma mpaka hapa, sina kinyongo na wewe hata kidogo. Ulisema ulichokuwa unasema kila siku, mimi ndiye niliyeufundisha mkono kukusikiliza.

Baada ya hapo ikawa sikai popote. Bukoba, Muleba, Bukoba. Taata hakuuliza chochote, na ule ukimya ulinifukuza nyumbani kuliko yale maswali. Nikaanza kazi ya kunyoosha meza za pool kwenye baa. Natembea na pima maji na mpira mmoja mweupe mfukoni. Imekuwa ugonjwa, siwezi kuingia mahali bila kuweka ule mpira mezani nione unaenda wapi. Kuna mgahawa Muleba walinifukuza.

Siku moja nikapita Kitendaguro, nikasema nasalimia tu naondoka. Taata alikuwa mezani na chai. Nikiwa bado nimesimama nikatoa mpira nikauweka mezani, mazoea tu. Ukaanza kubingirika, taratibu, kuelekea upande wake.

Akauzuia kwa kiganja. Nikangoja lile swali.

Hakuuliza. Akasema, "Siku ile ya mchujo nilikiona ulichoangusha."

Akauchukua mpira akautia kwenye mfuko wa koti lake, akanisogezea kiti kwa mguu. "Kaa. Chai inapoa."

Nikakaa, wakuu. Nilikaa mpaka chai ikaisha na nyingine ikaletwa. Tuliongea mambo ya kahawa na mnyauko wa migomba, na mguu haukucheza.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa na jambo unalolitaka kweli, usiende kujiandalia mahali unaposhangiliwa. Nenda kajiandalie mahali panapokutesa. Mimi mateso yangu yalikuwa kiti, na nilivuka ziwa kukikimbia.

Kwa Swaleh nimerudi. Jioni tunacheza, yeye anaingiza mipira mfululizo na mimi nimekaa. Umri umesogea na wa Dar hawajarudi tena, wala sijui kama watarudi. Mpira mweupe uko bado kwenye koti la taata, anaenda nao hadi kanisani.

Kama kuna aliyewahi kuzoea meza iliyoinama, ya mchezo au ya maisha, aandike hapo chini. Na wa kunicheka acheke tu. Nimekaa, nasoma.