Mashine Isiyolia

Mwanangu, mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kingeweza kumshangaza. Shule niliacha darasa la nne, lakini kwa mikono hii nilichunga, nikalima, nikabeba magunia pale mpakani Sirari, mpaka nikawa mtu wa kwanza kuleta mashine ya kusaga kwenye kilima chetu huku Nyanungu. Ya dizeli, inalia mpaka ng'ambo ya bonde. Waliosoma walikuja wenyewe kunisalimia. Nikaona dunia nimeimaliza.

Nakumbuka msimu ule mkopo wa nishati safi ulipofika kwetu. Mradi unatoa nusu ya bei, nusu unakopa benki, unafungiwa mashine ya umeme wa jua. Niliukimbilia kwa ajili ya Bhoke, mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akisagia watu, na moshi wa dizeli ulikuwa umemkaa kifuani. Akikohoa usiku, na mimi silali. Rehani tukaweka kiwanja chetu cha kule mjini, Turwa. Kabla ya kutia sahihi aliniuliza mara moja tu, "Baba Chacha, una uhakika?"

Nikamwambia, "Lini nimewahi kukosea?"

Jibu hilo usimpe mtu unayempenda.

Mashine ikafungwa, ile ya dizeli nikaiuza. Bhoke akaacha kukohoa. Wateja nao wakaacha kuja. Wiki ya kwanza nikasema ni palizi. Ya pili nikasema ni wivu. Wanawake walipita kwa mbali na mahindi kichwani, wakielekea mashine ya ng'ambo. Rejesho la benki linakaribia, kiwanja kinaondoka, nami nimekaa mlangoni nimekunja nne. Niwafuate? Mimi? Chema chajiuza, nikajiambia, kibaya chajitembeza.  Kila asubuhi Bhoke alifagia chumba cha mashine kana kwamba watu wanakuja.

Siku moja akapita Mama Robi, mjane mzee, kajitwika debe lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Pole na msiba."

"Msiba gani tena?"

"Si mashine yako imekufa? Tuliona vioo juu ya bati, halafu kimya. Tukajua umeme wa jua umekushinda."

Nikamshusha debe, nikamsagia palepale. Akaishika mashine, akainamisha sikio, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe nzima! Sasa tungejuaje? Miaka yote mlio wa dizeli ndio ulikuwa unatuita. Wewe hujawahi kumwita mtu. Ukitupita na pikipiki unapiga honi, basi, ndiyo shikamoo yako. Umeleta mashine bubu, na mwenyewe ni bubu!"

Bhoke akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Ndipo nikashangaa, mimi nisiyeshangaa.

Pikipiki nikaiacha. Nilipanda vilima kwa miguu, boma kwa boma, nikiamkia vikongwe, nikiulizia wagonjwa na ndama. Walinitania: "Marwa ana miguu! Tulidhani alizaliwa na matairi." Nilikunywa uji wa ulezi mpaka tumbo likagoma. Wiki haikuisha, ndoo zikapanga foleni mpaka njiani. Kiwanja cha Turwa bado ni chetu.

Basi sikia, mwanangu. Pesa ya nishati safi ikifika kwenu, iwe ya pampu, ya mashine au ya jiko, ichukue, usiogope. Lakini kabla ya kutia sahihi, watembelee wale utakaowategemea wakuletee mahindi yao. Benki itakupa mashine, haitakupa majirani. Na mwenzako akikuuliza kama una uhakika, keti naye, umweleze na lile usilolijua. Mtaka cha mvunguni huinama, hata awe na kitambi kama changu.

Mungu akupe jua la kusagia na mvua ya kupandia, na kifua cha mama watoto wako kiwe chepesi kama cha Bhoke leo.

Na ukitaka kujua somo lile lilinigharimu kiasi gani, mimi mwenye mkopo wa mamilioni: ni debe la Mama Robi, nililolisaga bila malipo. Shilingi elfu moja na mia tano.