Siku Nilipomlilia Bi Domo

Juzi jioni nilikuwa jikoni nakaanga dagaa, nikasikia mlio kutoka sebuleni. Ni mlio unaoanza chini, mzito, kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya saruji, halafu unapanda taratibu mpaka unageuka kilio. Nilisimama na mwiko mkononi, dagaa wakaanza kuungua. Mwanangu alikuwa amelala kifudifudi mkekani na simu ya baba yake, anaangalia filamu ya majitu. Sikujua kwamba bado zinatengenezwa. Majitu ni yaleyale ya utoto wangu, ila sasa yana magamba yanayong'aa zaidi na miji yanayoibomoa ina maghorofa marefu zaidi.

"Mama," akaniuliza bila kuinua macho, "wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unampenda adui gani?"

"Yule popo wa chuma," nikamjibu, nikarudi jikoni.

Nilimdanganya. Ninyi nitawaambia ukweli, maana kwenu sioni haya sana kama ninavyomwonea mtoto wangu.

Nililelewa Masasi, mtaa wa Mkomaindo, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Nyuma ya soko dogo kulikuwa na kibanda cha video, kuta za mabanzi na madirisha yamezibwa kwa magunia. Ndani kulinuka moshi wa jenereta, jasho la watoto na korosho za kubanika. Filamu zilikuwa za lugha ya mbali ambayo hakuna aliyeijua, kwa hiyo mwenye kibanda, kaka mmoja tuliyemwita Kipaza, alikaa pembeni ya runinga na kipaza sauti akitutafsiria. Leo naamini naye hakujua neno hata moja. Alitunga tu. Lakini alitunga vizuri, na majina yote tuliyoyajua ni yake.

Shujaa alikuwa Kakakuona, jitu lenye magamba lililojikunja likawa kama mlima. Ukiishi Masasi, chini ya ile milima ya mawe matupu, ni rahisi kuamini jambo kama hilo. Wadogo waliogopa hata kupiga kelele wakipita karibu na mlima, wasije wakamwamsha. Sisi wakubwa kidogo hatukuwa na shida na Kakakuona. Yeye alishinda kila siku, sasa utabishana nini kuhusu mtu anayeshinda kila siku? Tulibishania maadui. Wapo waliompenda Tandu, mwenye miguu mia na moto mdomoni. Wapo waliompenda popo wa chuma. Mimi nilikuwa wa Bi Domo.

Bi Domo alitoka ziwani. Alikuwa na mistari usoni na mdomo wa juu uliotokeza mbele kama sahani, na akiupiga chini, nyumba zilianguka mtaa mzima. Kila filamu Kakakuona alimrudisha majini, na kila filamu iliyofuata aliibuka tena. Nilikuwa na daftari la hesabu ambalo kurasa za nyuma zote zilijaa michoro yake. Wavulana walikuja kuniuliza mimi, Somoe, mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, Bi Domo alitokea mara ya kwanza filamu gani na nani alimjeruhi jicho. Niliwajibu kwa maringo.

Mwaka huo, likizo, Bibi alikuja kutoka Mnyambe. Alikuwa mama yake mama yangu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na moja lilikuwa linatoa usaha, kwa hiyo waliamua aje kwetu, karibu na hospitali. Alishuka kwenye gari na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, na fuko la unga wa muhogo, akatafuta kichwa changu kwa kiganja na kukishika muda mrefu.

Sikuwahi kumwona mjini. Kule Mnyambe alikuwa Bibi tu, kati ya bibi wengine waliofanana naye. Hapa uani kwetu, juani, mbele ya wapangaji wa kila kabila, nilimwona upya. Mashavu yake yalikuwa na chale, mistari ya pembepembe iliyochanjwa tangu usichana wake. Na kwenye mdomo wa juu alivaa ndonya, kile kipande cha mti mweusi cha mviringo, kilichousukuma mdomo mbele. Enzi zake msichana hakuolewa bila hicho. Mimi niliona kitu kimoja tu, nadhani mmeshakijua.

Siku ya pili rafiki yangu Zuhura, aliyeishi mtaa wa pili, aliniuliza kibandani, "Kuna bibi nimemwona kwenu, ana kitu mdomoni. Ni nani?"

Watoto wengine waligeuka kusikiliza. Niliona kicheko kinakuja, nikataka kikija kisinikute mimi.

"Ni mgeni wa wapangaji," nikasema. "Mimi namwita Bi Domo."

Walicheka mpaka Kipaza akatunyamazisha. Na mimi nilicheka. Jina nililitoa mimi, msije mkadhani lilitoka kwa mtu mwingine. Kufikia jioni lilikuwa limeenea, na kesho yake asubuhi watoto wanne walichungulia kwenye ua wa makuti wakaita kwa kuimba, "Bi Domo, Bi Domo, rudi ziwani," kisha wakakimbia.

Bibi alikuwa ameketi anamenya ming'oko. Aliona giza na mwanga tu, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Somoe," aliniita. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kilichochanganyika na Kimakonde. "Bi Domo ni nani?"

"Ni mnyama wa kwenye video, Bibi."

"Ni mkubwa?"

"Mkubwa kuliko kanisa."

"Ana nguvu?"

"Ana nguvu sana. Hafi."

Alifikiri kidogo, kisu kikiwa kimesimama mkononi. "Basi wamenipa jina la mkubwa," alisema, akaendelea kumenya.

Daktari alisema jicho lenye usaha lisafishwe kila asubuhi kwa siku kumi, ndipo wafanye upasuaji. Mama alikuwa anauza vitumbua, na asubuhi ndiyo saa ya vitumbua, kwa hiyo kazi ya kumpeleka Bibi ilikuwa yangu. Alinishika juu ya kiwiko, tukatembea polepole, naye akiniuliza hapa kuna nini, hapa tumepita nini. Nilimpitisha nyuma ya nyumba, kwenye vichochoro, nikamwambia ndiyo njia fupi. Ilikuwa ndefu maradufu.

Siku ya sita, Kipaza alitangaza filamu mpya ya Bi Domo, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeisubiri tangu Pasaka. Nikaona tukipita vichochoroni nitachelewa, nikampitisha Bibi barabara kuu.

Tulipofika karibu na mashine ya kusaga, Zuhura na wasichana wengine wawili walitokea mbele yetu. Nilichomoa mkono wangu kutoka kwenye kiganja cha Bibi na kusogea hatua tano, upande wa pili wa barabara. Yeye alibaki katikati, mkono wake bado umenyooka hewani, umeshika pale nilipokuwa.

"Somoe?" aliita.

Sikuitika.

"Anakuita wewe?" Zuhura aliniuliza.

"Simjui," nikasema. "Si nilikwambia ni mgeni wa wapangaji? Labda anamwita mwenzake."

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Kati yangu na Bibi palikuwa na hatua tano.

Aliushusha mkono taratibu. Pikipiki ilipita karibu, kanga yake ikapeperuka, naye hakutikisika. Kisha aligeuza uso upande wetu wote kwa pamoja, si upande wangu.

"Wanangu," alisema, "mimi mgonjwa, sioni. Nani atanisogeza hospitali?"

Zuhura ndiye aliyekwenda. Zuhura huyohuyo aliyecheka kibandani. Nadhani alipomwona vile katikati ya barabara, kicheko kilimwisha. Alisema, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," akamshika mkono. Sisi wengine tukafuata nyuma. Kwa hiyo niliitembea njia yote nikiangalia mgongo wa bibi yangu akiongozwa na mtoto wa watu.

"Na hawa wenzako wanaitwaje?" nilimsikia anauliza.

Zuhura aliwataja, akafika kwangu. "Na huyu Somoe."

"Jina zuri," alisema Bibi. "Mimi nina mjukuu wa jina hilo. Mtoto mzuri sana."

Nikajiambia: hajajua. Haoni, ametuchanganya. Nilijisifu kimoyomoyo kwa kuokoka.

Tulimwacha kwenye benchi la wagonjwa wa macho, tukakimbia kibandani.

Filamu ile walimuua Bi Domo. Hawakumrudisha ziwani, walimuua kabisa. Kakakuona alimbana kwenye mwamba, na yule Bi Domo akatoa mlio ule, unaoanza chini na kupanda, akiangalia ziwa ambalo hatalifikia. Kipaza alizima hata sauti yake mwenyewe ili tusikie. Nililia. Nililia kwa kwikwi, kichwa magotini, nikaona hakuna mtu duniani mwenye huruma kama mimi. Zuhura alinipa ncha ya mtandio wake nijifute.

Niliporudi hospitali benchi lilikuwa tupu. Nilikimbia nyumbani. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, goti limechubuka mpaka nyama inaonekana, kanga imelowa tope la mtaroni hadi kiunoni. Alikuwa ametafuta njia peke yake kwa fimbo aliyopewa na mtu. Mama alikuwa amemwinamia na maji ya moto, na aliponiona alisimama na uso ambao sikuwahi kuuona.

"Ulikuwa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo Bibi alijibu. "Nilimwambia atangulie. Nilisema njia naijua. Usimpige, Mama Somoe, kosa langu."

Hakupenda kumwita mwanawe hivyo, mara zote alimwita kwa jina lake la utotoni. Siku ile alisema Mama Somoe, na Mama akaishusha kandambili aliyokuwa ameinua.

Siku nne zilizobaki nilimshika mkono mwenyewe, na njia kuu nilipita. Msinisifu kwa hilo. Kesho yake asubuhi nilipomkuta tayari kwa safari, ndonya haikuwepo mdomoni. Mdomo wa juu ulikuwa umelegea, una tundu, umeangukia meno, na juu yake aliushika upindo wa kanga. Mama alimuuliza kwa nini. Alisema inamuuma. Alitembea hivyo, ameziba mdomo kwa kanga, mpaka siku ya kupasuliwa, na baada yake. Nani angeita Bi Domo tena? Nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walipofungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake na Mama. Alipepesa macho, yakatoa machozi, akaniangalia kuanzia miguuni kupanda. "Kumbe umefanana na mimi," alisema. Wiki iliyofuata alirudi Mnyambe. Sikuwahi kumwomba radhi. Kila likizo nilipokwenda kwake nilijiambia hakuna haja, mtu haombi radhi kwa jambo ambalo mwenzake hakulijua.

Alifariki nikiwa nimeshaanza kazi. Nilifika Mnyambe mchana, wanawake wamejaa ndani na barazani. Nilikuwa natafuta pa kukaa karibu na mlango, mama mmoja mzee, jirani yake Bibi, akaniuliza kwa sauti, "Wewe ndiye Somoe wa Masasi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo. Njoo huku mbele." Akawageukia wenzake. "Ndiye huyu. Yule aliyemshika bibi yake mkono siku zote kumi."

Wanawake walisogea kunipisha. Mmoja akasema, "Alikuwa anatusimulia. Watoto wa mjini walimcheka, lakini mjukuu wake hakumwachia mkono hata siku moja." Mwingine akasema kwamba yeye huwaambia hivyo wajukuu zake, wawe kama Somoe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu ambaye hajui kwamba aliachwa hawezi kukumbuka kusema kwamba hakuachwa. Alisikia kila neno pale kwenye mashine ya kusaga. Alijua nani yuko hatua tano kutoka kwake. Alipouliza jina langu alikuwa ananipa nafasi ya kurudi, na nilipokataa, alinifunika, mbele ya Zuhura, mbele ya Mama, kisha mbele ya kijiji kizima, miaka yote ile, mpaka uongo wake ukawa ndio habari pekee iliyobaki.

Ningeweza kusema. Mama yangu alikuwepo, ameketi ukutani na macho mekundu, ananitazama kwa fahari. Wanawake walikuwa wakinisubiri.

"Ndiyo," nikasema, "ni mimi."

Wakanipa mkeka, mahali pa karibu kabisa na alipolazwa Bibi, nikaketi.