Mbuzi Waliomwagika Kisaju

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilienda likizo kwa shangazi yangu kule Kisaju na daftari lililonishinda. Lilisema kila seli ya moyo ina ghala la kalsiamu lenye milango. Kalsiamu kidogo ikiingia kutoka nje inagusa mlango, mlango unafunguka, na ile nyingi ya ghalani inamwagika. Hapo moyo unapiga. Lakini kidogo hivyo kitafunguaje nyingi? Upuuzi! Nililitupa daftari nikaenda bomani, kwenye zizi la mbuzi, ambako shangazi alikuwa akikama.

Beberu mmoja alikuwa amelala nje. Alipotaka kuingia aliusukuma mlango wa mabati kwa pembe, kamba iliyoufunga ikateleza, na mbuzi wote wa ndani wakamwagika nje wakirukiana.

"Kalsiamu!" nilipiga kelele. Niliruka, nikacheka, nikamshika shangazi mabega maziwa yakimwagika, nikamweleza yote: ghala, mlango, moyo. Mbuzi nao walikuwa wameshaingia kwenye sukuma wiki yake.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, ndoo mkononi.

"Sasa nani anafunga huo mlango?" akauliza.

Ukurasa huo nilikuwa sijaufikia.

"Na hiyo kalsiamu ikishatoka, inarudi ndani?"

"Lazima irudi, shangazi."

"Basi kimbia, daktari," akasema, akinipa fimbo. "Wasiporudi ndani, huo moyo utapiga tena na nini?"