Pale Anapopotea Soli

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Soli. Nami namwita hivyo nikiwa na furaha naye. Nikiwa na hasira namwita "wewe", na anajua tofauti yake.

Alikuwa na miaka arobaini na mitano siku alipompelekea Maalim viatu vyake vilivyotiwa soli mpya, akakuta darasa linaendelea. Maalim ni mzee aliyetumia umri wake wote kufundisha watu kuhifadhi msahafu kwa moyo. Akamwambia fundi aketi, asome kidogo. Soli akasoma. Maalim akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fundi, unasoma kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kesho uje tuanze herufi."

Mimi ningenuna mwezi mzima. Yeye aliingia nyumbani anacheka, ananisimulia huku anavua kofia.

Miezi minne hakuvuka herufi. Maalim alikuwa akimshikia kipande cha karatasi nyepesi mbele ya mdomo. Kuna herufi zinazotoka na pumzi, na karatasi isipotikisika umekosea. Kuna nyingine pumzi yake huzuiwa, na hapo karatasi ikitikisika umekosea. Zilizotutia aibu ni zile za chini kabisa kooni, maana alikuwa akizifanyia mazoezi kibandani kwake, sindano mkononi, mpaka wateja wakaanza kumletea dawa za kikohozi. Alizipokea zote na kushukuru, akaniletea mimi nizihifadhi.

Baada ya herufi ndipo akaanza kuhifadhi, mistari mitano kwa siku. Akipata mipya ilimbidi arudie ya zamani, kwa sababu elimu hii hutoroka usipoichunga. Kurudia ndiko kulikoniingiza mimi. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri alikuwa anakaa kwenye kigoda jikoni kwangu, amefumba macho, anasoma, na mimi nakoroga uji. Nilikuwa nimeegemeza msahafu kwenye kopo la chumvi, namfuatia. Akikosea nagonga sufuria kwa mwiko, ngo! Yeye anarudi nyuma kulitafuta kosa lake. Sikuwahi kumtamkia neno, kwa sababu ndivyo Maalim anavyofundisha: yeye hugonga benchi kwa kifundo cha kidole, basi. Anasema neno ulilolitafuta mwenyewe halikukimbii tena.

Nami utotoni nilisoma, msije mkadhani nilikuwa mbumbumbu. Nilifika juzuu mbili, kisha mama akajifungua pacha na mimi nikaitwa nyumbani kubeba mmoja. Habari yangu iliishia hapo, na sikuwahi kuilalamikia kwa sauti.

Basi, miaka ikaenda, Soli akafika juzuu thelathini, yaani msahafu mzima. Na hapo ndipo mnapopaswa kuijua njia panda yake. Kuelekea mwisho kuna sura mbili zinazofuatana, na kila moja ina aya inayoanza kwa maneno yale yale. Katika sura ya kwanza aya hiyo inaongeza maneno kidogo katikati. Katika ya pili inakata moja kwa moja. Soli, akifika kwenye ile ya pili, huongeza yale maneno ya kwanza, na papo hapo anajikuta amerudi sura aliyokwisha kuimaliza. Anaisoma upya kwa raha zake, anaingia ya pili, anafika pale pale, anarudi tena. Siku moja nilitoka kuanika nguo, nikaanika zote, nikarudi, nikamkuta hajasogea hata ukurasa. Siku nyingine alipotea hivyo hivyo kibandani, akabandika soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia.

Mtihani wa Maalim unachukua asubuhi kumi, juzuu tatu kila asubuhi. Kwa kikao kimoja unaruhusiwa kugongewa benchi mara tatu. Ya nne, msahafu unafungwa, uje mwakani. Mara mbili Soli alifika asubuhi ya kumi, na mara mbili ile njia panda ikammaliza. Maalim anagonga, Soli anarudi nyuma, anafika pale pale, anapita kule kule. Mara ya pili alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda chake mpaka jioni. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtania, na mimi kushindwa kutania ni ugonjwa.

Mwaka huu Maalim alimwambia wazi, "Fundi, wewe ndiye wa mwisho. Mgongo umekataa, macho yamekataa. Nikishakusikiliza wewe, simsikilizi mtu mwingine." Hatukuwa tena na mwakani.

Asubuhi ya kumi familia inaruhusiwa kuhudhuria. Nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, nyuma ya Soli. Akaanza. Sauti ilikuwa inamtetemeka. Kabla hata hajafika nusu ya juzuu ya kwanza, benchi lilikuwa limelia mara tatu, kwa makosa ya kijinga ambayo nyumbani hafanyi. Na njia panda ilikuwa bado iko mbele.

Akaingia sura ya kwanza, akaipita salama. Akaingia ya pili. Nikaanza kuhesabu aya. Lile neno sahihi lilikuwa limenijaa mdomoni, na ningelitoa hata kwa kunong'ona tu, ningekuwa nimemharibia kazi ya miaka kumi na moja. Nikang'ata pindo la mtandio wangu. Soli akafika pale, akayasoma yale maneno ya mwanzo, akanyamaza.

Kidole cha Maalim kilikuwa tayari juu ya benchi.

Kisha nikaona bega la Soli limelegea. Akainua mkono, akagonga goti lake mwenyewe mara moja, taratibu. Akakata moja kwa moja, akapita, akaenda zake mpaka mwisho wa sura, na sura iliyofuata, na juzuu mbili zilizobaki, na benchi halikulia tena. Mimi nililia badala yake. Alipomaliza, Maalim alimvuta kichwa akambusu kwenye paji la uso, na lile jitu langu la miaka hamsini na sita likaangua kilio.

Wote tulipopangusa nyuso, Maalim akauliza, "Pale ulipogonga goti, nani kakufundisha?"

"Hakuna, Maalim. Pale ndipo mke wangu anapogonga sufuria. Nimeusikia mwiko wake."

Maalim akanigeukia. "Mama, kumbe ni wewe unayemfuatia kwenye msahafu?"

"Zamani, Maalim. Mvuke wa uji ulikuwa unaharibu kurasa. Mwaka wa tatu huu nimeuweka rafuni, jikoni hauingii."

"Ehee. Sasa unajuaje kwamba amekosea?"

"Nasikia tu," nikasema.

"Unasikia nini?"

Sikujua. Wallahi, sikujua. Maalim hakungoja. Akasoma nusu ya aya kutoka katikati ya msahafu, mahali pasipo na umaarufu wowote, akanyamaza, akanitazama. Nami nikaimalizia. Nikaendelea na inayofuata. Nilikuwa nimetazama mkeka, nausikia mdomo wangu unatembea wenyewe, ukurasa ukaisha, wa pili ukaanza. Soli alikuwa amegeuka nyuma kabisa, ananikodolea macho kana kwamba nimeingia hapo na mwanamume mwingine.

Benchi likalia, ko! Nikashtuka. "Nimekosea wapi, Maalim?"

"Si wewe," akasema. "Nilisema huyu fundi ndiye wa mwisho. Hilo ni kosa langu." Akajinyoosha mgongo, na nikaona anazuia kicheko. "Jumamosi uje. Tutaanza na herufi, maana nimezisikia, na huyu bwana amekuambukiza kikohozi chake."

Nilitembea njia nzima nacheka na kulia kwa zamu, na Soli amenishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu anioe.

Sasa kigoda ni changu. Nakaa, nafumba macho, nasoma, na Soli ndiye anayesimama jikoni, amevaa aproni yake ya gundi. Msahafu tumeutoa rafuni, ameuegemeza mbali na mvuke. Asubuhi ya kwanza sikufika hata aya kumi nikasikia ngo! Nikarudi nyuma. Ngo! Nikarudi tena. Ngo! Nikatafuta kosa, jasho likanitoka, sikulipata. Nikafumbua macho.

"Wewe! Nimekosea wapi?"

Soli akanitazama, mwiko mkononi. "Hujakosea, mke wangu. Nilikuwa nakoroga tu."