Tupokigwe na Laini Iliyobaki

Tupokigwe hakuwa mtu wa kukaa. Hata siku ambazo kazi ilikwenda vizuri alikizunguka chumba cha mashine kama kuku atakaye kutaga, akigusa waya huu, akisoma kioo kile, akirudi dirishani. Wenzake walimtania kwamba kiti chake kingedumu miaka hamsini. Walisahau kwamba aliwahi kukaa miaka tisa kwenye kiti kimoja, akipiga teleksi katika shirika la umma, mpaka asubuhi moja orodha ya waliopunguzwa ilipobandikwa ukutani na jina lake likawa la nne.

Alijifunza kompyuta jioni, kwa akiba yake mwenyewe, kisha akaajiriwa Kinondoni katika kampuni ndogo ya Bwana Khalfani. Huko kompyuta moja, waliyoiita seva, ilihifadhi kurasa za intaneti na barua pepe za wateja kumi na wawili. Kazi ya Tupokigwe ilikuwa kuhakikisha haizimiki, na kuiwekea marekebisho kila watengenezaji wa programu walipoyatoa.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokuwa zikiendelea, seva ilianza kuganda mara mbili kwa wiki. Hoteli moja ya Mbezi Beach ikapoteza barua za wageni wake. Wateja wakipiga simu, Tupokigwe aliwajibu, "Mashine imezidiwa, subirini kidogo." Khalfani akamwambia kwamba ikifika Ijumaa bila kupona, ataikabidhi kwa mafundi wa Nairobi, "na wewe tutaangalia." Maneno hayo alikuwa ameshayasikia kule kwenye shirika.

Dawa ya seva ilikuwa faili moja la marekebisho, la kuvutwa kutoka ng'ambo kwa njia ya simu. Maji yalikuwa yameingia kwenye nyaya za mtaa mzima, na kati ya laini nne za kampuni ilibaki moja tu. Alhamisi alfajiri alianza kulivuta. Lilihitaji saa tisa, na laini ikikatika, lingeanza upya. Hadi saa saba mchana alikuwa hajala wala hajakaa, na zilibaki saa mbili.

Ndipo akaingia Farida, jirani wa nyumba ya tatu, binti wa Mzee Mwishehe. Akasalimia kwa utulivu, akaomba simu ampigie kaka yake Nassibu, aliyefanya kazi kiwandani Wazo.

"Baba amezidiwa," alisema.

Tupokigwe alimpa pole, akamweleza habari za faili, akamwomba asubiri kidogo. Farida hakubisha. Alikaa kwenye benchi, akakunja kanga mapajani. Tupokigwe aliendelea kuzunguka. Kila alipogeuka aliyaona macho ya yule dada yakitazama simu. Asilimia themanini. Themanini na moja. Dakika arobaini zikapita hivyo, kisha akauliza daktari anasemaje.

"Daktari ameshamaliza kazi yake, dada Tupo," Farida akajibu. "Nataka Nassibu awahi kabla ya alasiri."

Tupokigwe alikuwa mtu wa Tukuyu. Kwao msiba hutangazwa kwa kilio kinachovuka mabonde. Hapa pwani mtu haupasui msiba mbele za watu. Husema mgonjwa amezidiwa, na mwenye kusikia huelewa. Yeye alikuwa amesikia neno lake la kila siku, lile la mashine.

Alichomoa waya wa seva, akachomeka simu. Kioo kikaandika kwamba mawasiliano yamekatika.

Khalfani aliporudi, Tupokigwe alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, tayari kufukuzwa. Khalfani alivua kofia.

"Ulimweka muda gani?"

"Dakika arobaini, bosi."

"Kwa faili," alisema, akatoka kwenda kuzika.

Faili lilianzishwa upya, likakatika, likaanza tena. Liliingia Jumamosi. Siku hiyo hiyo meneja wa hoteli, Bwana Brightson, alituma barua ya kuhamisha kurasa zake. Seva haikuganda tena. Khalfani hakuitaja Nairobi, wala hakusema kwamba ameiacha.

Jumapili Tupokigwe alikwenda matangani. Alijaribu kukaa mkekani na wanawake, akashindwa, akaenda uani kuosha vyombo. Nassibu alimfuata huko. Alisema aliwakuta wamekwisha kutoka na jeneza, wako kona ya msikiti, akawahi kuingiza bega.

"Uso sikuuwahi," alisema. "Lakini nilimbeba. Nakushukuru sana, dada."

Tupokigwe alifungua kinywa amweleze habari za zile dakika arobaini. Farida, aliyekuwa akisuuza masinia pembeni, alimtazama, akamsogezea sufuria kubwa ya pilau iliyoganda ukoko.

"Hii nayo, dada Tupo," alisema.

Aliipokea, akachuchumaa, akaanza kuikwangua.