Miaka Niliyomtafsiri Madame Shingo

Enzi zetu pale Berea, Johannesburg, televisheni haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa moja kwa fleti nzima, na fleti nzima maana yake familia nne: sisi chumbani, mbili sebuleni zikitenganishwa na kabati, na Mama Riziki kwenye balkoni iliyozibwa kwa mbao, yeye na cherehani yake. Lifti ilikuwa imekufa kabla hatujahamia. Tulipanda ghorofa saba kwa miguu, na bado tulibaki na nguvu za kuruka kamba kwenye korido mpaka mlinzi wa jengo atufukuze. Watoto wa leo ukiwaagiza chaja chumba cha pili wanauliza kama hakuna mtu mwingine wa kutumwa.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tukitoka kanisani mama alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, tukala mpaka vidole vinang'aa mawese. Kisha wanawake walijipanga kitandani kwetu, sisi watoto chini na magwinya yetu mkononi, maandazi ya kiduka cha mtaani tulichokiita spaza, na mama, ambaye alikuwa msusi mtaa wa Hillbrow, alikamata kichwa cha mmoja wao akaanza kazi. Alasiri hiyo ndipo zilipoonyeshwa filamu za Waingereza, na karibu kila mara alikuwemo mwigizaji yule yule: mama mrefu, mkavu, amesimama wima, na shingo isiyokwisha. Jina lake hatukulijua, maana mwisho wa filamu majina yalipita mbio. Wanawake wakambatiza Madame Shingo.

Mtafsiri nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na pale kitandani hakuna aliyejua Kiingereza zaidi ya kile cha kuuzia vitu mtaani. Tatizo ni kwamba changu nacho kilikuwa cha uwanja wa shule, nusu yake Kizulu. Kiingereza cha Madame Shingo kilitokea puani, polepole, kikipitia kwenye kikombe cha chai. Nilikamata neno moja kati ya kumi. Lakini mama alikuwa ameshatangazia jengo zima kwamba binti yake anasema Kiingereza "sawa muzungu", sasa ningefanyaje? Nilitunga.

Filamu ya kwanza Madame Shingo alikuwa nesi wakati wa vita. Alikuwa stesheni, amemshika mtoto mkono, watu wanasukumana, mkono ukaachia. Hapo hapo umeme wa kadi ukaisha. Tukabaki tunatazama kioo cheusi, na sauti ya Mama Riziki ikatoka nyuma yangu.

"Na mutoto wake? Alimupata?"

Inabidi nieleze. Riziki, aliyempa jina hilo, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona. Walipotezana siku ya kukimbia vita Kalemie, kwetu Kongo. Mama Riziki alipanda mtumbwi mmoja, mtoto wa miaka saba akapandishwa mwingine, na ziwani kila mtumbwi ukashika njia yake. Hayo tuliyajua wote na hatukuyataja. Kwa hiyo aliponiuliza nilisema kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba wataonyesha Jumapili ijayo.

Jumapili iliyofuata Madame Shingo alikuwa mtawa. Filamu nyingine kabisa, bila shaka, ila mimi nilikuwa nimeshajifunga. Nikasema amejiunga na masista ili apate ruhusa ya kutembea akimtafuta mtoto. Wanawake wakatikisa vichwa, wakaona ana akili. Baadaye akatokea na koti la mvua akiwa mpelelezi, nikasema amechoka kuomba msaada wa polisi, ameamua kuwa polisi mwenyewe. Akawa mke wa tajiri mwenye farasi: apate nauli. Na siku alipotokea ndani ya chombo cha angani, amevaa nguo ya fedha inayombana, chumba kizima kilinigeukia. Nikasema dunia yote ameimaliza, sasa anatafuta juu.

"Eish," mama akasema, "ule ni muzazi."

Sijui kama yule mwigizaji mwenyewe alipata kuhesabu sura zote alizovaa maishani mwake. Ya kwetu Berea ilikuwa moja tu, ya mzazi anayetafuta. Jumatano kwenye maombi Mama Riziki alimwombea kwa jina hilo hilo, na mchungaji akaitikia amina, akidhani Madame Shingo ni muumini wa mtaa wa Alexandra anayeumwa.

Mimi nilikuwa najisikia mkubwa, mpaka ikaja filamu ambamo alikuwa akifa. Kitanda kikubwa, mashuka meupe, mapazia yamefungwa, na shingo ile imelala kwenye mto. Mama Riziki aliweka chini nguo aliyokuwa akipinda. Nilisikia anavyopumua. Mlango ukafunguliwa, akaingia kijana ameshika kofia, akainama kitandani akanong'ona. Leo ninaamini alikuwa wakili wa mambo ya nyumba. Wakati ule nilisema, "Huyo ndiye. Anasema, mama, ni mimi."

Mama Riziki alilia kwa sauti. Akafuta uso kwa kitambaa cha mteja, akasema, "Alimupata akiwa mugonjwa vile. Miye bado na nguvu."

Jijini kulikuwa na ofisi ya watu wanaotafuta ndugu waliopotezana vitani. Wanawake walikuwa wamemsihi aende, akakataa kila mara, kwa sababu aliogopa jibu. Jumatatu hiyo alivaa kitenge chake cha kanisani, akashuka ghorofa zote saba na picha moja iliyokunjika.

Hofu niliyoipata sijawahi kuipata tena. Wakimwambia mtoto amekufa, ni mimi niliyempeleka kwenye habari hiyo, na kwa uongo. Nikamwungamia mama akinisuka. Alivuta nywele mpaka machozi yakanitoka. "Mudomo ulifungua weye peke yako," akasema. "Sasa omba ule mutoto aonekane." Niliomba. Niliomba mpaka mwalimu akaniuliza darasani nazungumza na nani.

Jibu lilichukua zaidi ya mwaka. Riziki alikuwa Zambia, kambini, analelewa na mwanamke aliyempakata kwenye ule mtumbwi wa pili. Alipofika kwetu alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mpole, viatu vimepigwa rangi. Mama Riziki alimshonea mashati manne kwa wiki moja. Lakini mtoto hakumwita kwa jina lolote. Akitaka chumvi aliuliza chumvi iko wapi, akiangalia ukuta. Wiki tatu zikapita hivyo, na cherehani ya balkoni ikapunguza kelele.

Jumapili ya nne tulikaa naye mbele ya televisheni. Madame Shingo alikuwa mpishi wa jumba kubwa, anagombana na bwana mwenye nyumba juu ya bata aliyeungua. Nikatafsiri kama kawaida, eti anamweleza bwana alivyomtafuta mwanawe. Riziki akageuza kichwa taratibu, akaniangalia. Ndipo nilipokumbuka kwamba Zambia wanasoma kwa Kiingereza.

Mama Riziki akauliza, kama alivyouliza kila Jumapili tangu niliposema kwamba yule wa kitandani alipona, "Na mutoto wake leo simuone. Iko wapi?"

Wote wakaningoja. Riziki bado alikuwa ananitazama, na nilijua ananiumbua sasa hivi mbele ya mama yangu, mbele ya mama yake, mbele ya jengo zima. Kisha akageukia televisheni.

"Alimutuma ku spaza, mama," akasema. "Anarudi."

Mama Riziki alichukua nguo yake akaendelea kupinda upindo, mahali pale pale alipokwisha kupinda. Tangu siku hiyo tulitafsiri wawili, na nakiri alinishinda kutunga.

Siku hizi Riziki yuko Polokwane na mama yake na watoto wake. Mimi wangu ni wawili, wanaelewa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kila mmoja na simu yake na vidude masikioni, hata kucheka wanacheka kwa zamu tofauti. Jumapili iliyopita niliwalazimisha tukae pamoja. Madame Shingo yupo bado, nywele nyeupe, sasa anaigiza bibi mkorofi wa kijijini. Shingo ni ile ile. Nilifurahi kumwona kama unavyomfurahia jirani wa zamani, nikasogea mbele kidogo. Nilielewa kila neno kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyeniuliza amesema nini.